Kabla hujapanda ubao, upite mtaa kwa miguu

Mimi mtoto wa Ng'ambo, mjini Zanzibar. Njia ya kutoka kwetu hadi dukani nimeipita tangu sijaanza skuli, lakini nilikuja kuijua nilipoanza kupanda skeiti, ubao wenye magurudumu manne. Gurudumu gumu la milimita 52 halifichi kitu: changarawe, ufa wa lami, kifuniko cha mtaro kinachocheza, mteremko ambao mguu hausikii kabisa. Siku hizi nikiingia mahali hutazama sakafu kwanza, kuta baadaye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni huu: upite mtaa kwa miguu, na ufagio mkononi. Changarawe moja tu ikikwama kwenye gurudumu, ubao husimama na wewe ukaendelea. Kwenye lami iliyochakaa weka magurudumu makubwa na laini. Ukicheza karibu na bahari, futa beringi, vyuma vinavyozungusha magurudumu, ukirudi, maana chumvi haina huruma na chuma.

La pili ndilo lililonigharimu.

Jicho hili la skeiti lina asili yake. Ukame wa 1976 na 1977 ulipoacha mabwawa ya kuogelea matupu kule California, vijana waliozoea kuteleza baharini waliona humo wimbi la saruji. Sisi mabwawa hayo hatuna. Tuna baraza, zile kingo za kukalia zilizojengwa mbele ya nyumba. Na mimi, nilipoingia vichochoro vya Mji Mkongwe na ubao wangu, niliona ukingo mrefu, ulionyooka, wenye kimo cha goti. Nikaruka, nikausugua kwa chuma cha chini ya ubao.

Kipande cha chokaa kikadondoka, kikubwa kama kiganja. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa upande wa pili akainuka, akakiokota, akanitilia mkononi. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, masika maji yakijaa hapa, mama yangu alikuwa anapita juu ya hii kwenda sokoni."

Nilimwamkia, nikaomba radhi, nikasema kesho nitaleta saruji. Akakataa katakata. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, akasema, zinavuta unyevu na kuutoa. Chokaa inauachia upite, saruji inauziba ndani mpaka ukuta unaoza. Tukaziba kwa chokaa na mchanga, mimi nikikanda, yeye akielekeza kwa bakora. Ilichukua siku mbili kwa sababu aliniamuru niloweshe ukuta kwanza, kisha nisiharakishe ukaukaji.

Basi baraza muachieni mwenye kuikalia. Ukitaka saruji, nenda kwenye saruji: pembeni ya maghorofa, kwenye viwanja vya wazi, na hata huko uliza kwanza. Uwanja mmoja una wenyewe wengi kwa siku moja. Alfajiri wa wanaofanya mazoezi, jioni wa watoto na mpira, na Ijumaa mchana, karibu na msikiti, ubao ukae nyumbani kwa sababu mlio wake unafika mbali. Mimi napenda Jumapili asubuhi, maduka yakiwa hayajafunguliwa.

Nikipita kichochoro kile nashuka, naubana ubao kwapani, namwamkia mzee. Juzi alinisimamisha kabla sijafika. Kuna jirani yake kamwaga sakafu mpya uani, akasema, laini kama sahani, na ameshaniombea ruhusa.