Kila nikiongeza protokali kwenye simuleta, nyingine inaharibika

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi niko mwaka wa mwisho chuo, nimeandika simuleta ya mtandao kwa C++, inaonyesha pakiti zinavyotafutiwa njia toka nodi moja (yaani kifaa kimoja cha mtandao) hadi nyingine. Nilianza na protokali moja (kanuni za kutafuta njia) sasa ziko tatu, na faili la Node.cpp limefika mistari 2,300 maana kila protokali mpya naichomekea if yake humo humo. Juzi nimeweka ya tatu, ile ya kwanza ambayo hata sijaigusa ikaanza kupoteza pakiti. Nifute nianze upya?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole mdogo wangu, ila usifute kitu. Shida sio protokali zako, shida ni kwamba nodi inazijua kwa majina. Nodi haitakiwi kujua kama iliyopanda juu yake ni AODV au OLSR (majina ya protokali za kutafuta njia), kazi yake ni kupokea pakiti na kumkabidhi mwenye nayo, basi.

Angalia ns-3, simuleta ya mtandao ambayo kodi yake iko wazi, ishushe uisome. AODV ina folda yake ndani ya src, OLSR yake, DSDV yake, na zote zinatimiza klasi moja ya Ipv4RoutingProtocol yenye funksheni kama RouteOutput (pakiti inatoka hapa, ipite wapi) na RouteInput (imeingia, tuichukue au tuipitishe). Ukifungua kodi ya Node pale huikuti AODV hata kwa dawa. Na ukileta moduli yako unaiweka kwenye folda ya contrib, kodi ya wenyewe huigusi.

Kwa hiyo na wewe tengeneza klasi moja ndogo ya Protokali, iwe na anza(), pakitiImefika() na taimaImelia(), halafu nodi iipe vitu vitatu tu: kutuma, kupanga tukio la baadae, na kuuliza saa. Saa ya simuleta lakini, sio ya kompyuta! Mi niliwahi kuchanganya hizo mbili, nikakaa siku nne natafuta kwa nini laptop yangu na ya mwenzangu zinatoa majibu tofauti kwa kodi ile ile. Na kwenye foleni ya matukio kila tukio lipe namba ya kuingia, maana matukio mawili yakiangukia sekunde 2.5 yote mawili, bila namba hujui lipi litatangulia, leo hili kesho lile, na bagi (kosa la kodi) ya hivyo inachosha sana kuitafuta.

Hiyo ya kupoteza pakiti, mi nahisi protokali zako zinaandika kwenye jedwali moja la njia ambalo umeliweka global, yaani kodi yote inalifikia. Ya tatu inafuta njia iliyowekwa na ya kwanza. Kila protokali iwe na jedwali lake ndani ya klasi yake.

Sasa kuhama: rudi kwenye kopi ya kabla ya ile ya tatu, irani kwa sidi moja (namba ya kuanzishia bahati nasibu ya simuleta), mfano 7, hifadhi logi yote. Hamisha protokali ya kwanza peke yake, rani tena kwa sidi hiyo hiyo, linganisha logi mbili kwa diff, amri inayoonyesha mistari iliyotofautiana. Ukikuta mstari hata mmoja umetofautiana simama hapo hapo uutafute, usiguse ya pili mpaka diff inyamaze kabisa.