Jibu: Kumbukumbu za bibi aliyezaliwa Kiembesamaki

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza vipi utapata mwaka aliozaliwa bibi yako Fatma binti Makame wa Kiembesamaki, Unguja, na majina ya wazee wake. Kumbe bibi hana cheti cha kuzaliwa, na kila mzee anakutajia mwaka wake. Wazee usiwaulize tarehe. Uliza: Vita vya Ng'ombe vya 1951, pale wakulima wa Kiembesamaki walipopinga ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima, bibi alikuwa kigori au keshaolewa? Mapinduzi ya 1964 alikuwa ana watoto wangapi? Hapo miaka inabana.

Halafu tafuta hati ya ndoa kwa kadhi. Walii, yaani msimamizi wa bibi harusi aliyeozesha, kwa kawaida ni baba, kwa hiyo unapata jina la kizazi cha juu yake. Unapotafuta jina lake, jaribu Fatma, Fatuma na Fatima, na "binti Makame" bila jina la tatu, maana makarani waliandika walivyosikia. Kama babu aliacha shamba, ulizia jalada la mirathi Nyaraka za Taifa, Kilimani. Mara nyingi warithi wote wametajwa humo.