Daktari Anajibu: Dawa ya Meno, Lengelenge na Dakika 20 za Maji

Swali: Nilifunua sufuria iliyokuwa ikichemka, mvuke ukanibabua mkono chini kidogo ya kiwiko. Kwa hofu niliuwekea mkono barafu kwa dakika chache, kisha mama mkwe akanipaka dawa ya meno, ambayo ilinipoza papo hapo lakini baadaye ikakauka na kugandamana na ngozi. Kesho yake limetokea lengelenge la ukubwa wa sarafu. Nilikosea wapi, na je, nilitoboe?

Jibu: Pole sana. Ulikosea mara mbili, na makosa yote mawili yanatokana na imani kwamba mtu huacha kuungua mara tu anapoutoa mkono penye moto. Sivyo. Joto lililokwisha kuingia hubaki ndani ya nyama na kuendelea kuunguza tabaka za chini. Mwaka 1953 daktari mpasuaji wa Uingereza, Douglas Jackson, aliligawa jeraha la moto katika maeneo matatu: la katikati, ambalo limekwisha kufa, linalolizunguka, ambalo damu yake inapita kwa shida na linaweza kupona au kufa, na la nje kabisa, ambalo ni jekundu na kwa kawaida hupona lenyewe. Huduma ya kwanza yote inapigania hilo eneo la pili.

Silaha yake ni maji ya kawaida ya bomba, yaliyo baridi lakini si ya barafu, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Dakika hizo ni ndefu mno kwa mtu aliyesimama mbele ya sinki huku mkono ukimwaka, na ndiyo maana wengi huufunga mfereji baada ya dakika mbili, maumivu yanapopungua. Kwa hiyo tazama saa, usikadirie. Hata ukichelewa kuanza, maji bado yana faida ndani ya saa tatu tangu ulipoungua. Pasipo na bomba, mimina maji kwa kikombe au tumia kitambaa safi kilicholoweshwa, ukikilowesha upya kila kinapoanza kupata joto. Pete, bangili na saa zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi usiivute.

Barafu husinyaza mishipa midogo ya damu na hivyo kulinyima damu eneo lile lile tunalotaka kuliokoa. Dawa ya meno nayo ni hadaa tu: ubaridi unaousikia ni wa mentholi, ambayo huamsha neva zinazohisi baridi ilhali joto lililomo ndani halipungui hata kidogo. Baadaye muuguzi hulazimika kuubandua utando huo ili alione jeraha, na kubandua kitu kilichokauka juu ya ngozi iliyobabuka kunaweza kuuma kuliko kuungua kwenyewe. Siagi, mafuta ya kupikia, ute wa yai na unga viingie katika hukumu hiyo hiyo. Mama mkwe usimlaumu, alitaka kukusaidia.

Lengelenge usilitoboe. Ngozi iliyolifunika ni bandeji ambayo mwili umejitengenezea, tena bandeji isiyo na vijidudu ndani yake. Likipasuka lenyewe, lioshe taratibu kwa maji safi na sabuni isiyo kali, paka mafuta kidogo ya mgando yaliyo safi, kisha funika kwa chachi isiyoshika jeraha. Parasetamoli inatosha kutuliza maumivu. Wekundu ukianza kutambaa, au ukaona usaha, harufu mbaya au homa, nenda kituo cha afya, na ukiwa huko ulizia kama chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Jeraha jekundu lisilo na lengelenge hupona kwa takriban wiki moja; lenye lengelenge, kama lako, huchukua wiki mbili, pengine tatu. Likizidi hapo, lionwe na daktari, kwa kuwa huenda likaacha kovu.

Swali: Nitajuaje kwamba jeraha si la kutibiwa nyumbani?

Jibu: Lipime kwa kiganja cha aliyeungua, pamoja na vidole vyake, ukubwa huo ni takriban asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili, na jeraha linaloufikia au kuuzidi lipelekwe hospitali. Lipelekwe pia, hata likiwa dogo, endapo liko usoni, kwenye kiganja, wayo, maungio ya mifupa kama goti, au sehemu za siri, au limesababishwa na umeme au kemikali. Watoto wachanga, wazee na wajawazito wasisubiri. Jihadhari hasa na jeraha jeupe, la rangi ya nta au jeusi ambalo haliumi: wengi hufarijika kwa kukosa maumivu, kumbe neva zenyewe zimeungua.

Swali: Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu na sasa anavuta kila kitu. Nimkinge vipi?

Jibu: Keti sakafuni jikoni, macho yako yawe kwenye kimo cha macho yake, na utashangaa: waya wa birika la umeme unaning'inia kama kamba ya kuchezea, mpini wa kikaango umejitokeza nje ya jiko, na kitambaa cha meza kinafikika kwa mkono mmoja. Ukunje waya, ugeuzie mpini ukutani, ukiondoe kitambaa. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Maji ya nyuzijoto 60 za Selisiasi, ambayo humbabua vibaya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, humbabua yeye kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo unapoandaa maji ya kuoga, tangulia kumimina ya baridi ndipo uongeze ya moto, uyakoroge, kisha uyapime kwa kiwiko, kwa sababu kiganja kilichozoea kazi hustahimili joto na kinaweza kukudanganya. Usimpakate huku umeshika kinywaji cha moto. Na pasi uliyoichomoa bado ni ya moto kwa muda mrefu: iweke juu asikofika, pamoja na waya wake, mpaka ipoe kabisa.