Dodoma mpaka Mwanza kwa baiskeli: kagua gurudumu la nyuma kwanza

Mkuu, umeuliza kama baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 isiyo na gia inaweza kukutoa Dodoma ikufikishe Mwanza, na uandae siku ngapi. Inafika. Ni kama kilomita 700, lami mwanzo mwisho. Panga siku 7, moja ya kupumzika Singida. Nenda kati ya Juni na Septemba: mvua hakuna, asubuhi kuna ubaridi, na upepo mwingi wa miezi hiyo unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo unakusukuma mgongoni. Anayeteremka kutoka Mwanza kuja Dodoma anapambana nao siku nzima.

Wengi wanahangaika na misuli wakati kinachokwamisha safari ni gurudumu la nyuma. Linabeba wewe, mzigo, na nguvu yote ya pedeli. Spoki hukatika pale ilipopinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na mara nyingi ni upande wa friwili, yale meno ya nyuma yanayoshika cheni. Kabla ya kuondoka, gonga spoki moja moja kwa kucha. Inayolia kama waya uliovutwa ni nzima, inayotoa sauti ya kufa imelegea. Kama gurudumu limesukwa upya, mwambie fundi alikaze tena ukifika Singida, maana spoki mpya hujikalisha na kulegea kilomita mia mbili za mwanzo. Beba spoki 4 za nyuma na nati zake, uzifunge kwa utepe kwenye fremu. Ikikatika ya upande wa friwili porini, rimu itavutwa upande wa pili. Legeza nusu mzunguko zile mbili za upande huo zilizo jirani na pengo, gurudumu litanyooka kiasi cha kukufikisha kwa fundi. Usikaze za upande uliokatika kwa hasira, utakata nyingine.

Mzigo kwenye keria usizidi kilo 15. Maji yasikae nyuma kabisa: kidumu cha lita 5 kinaingia vizuri katikati ya fremu, ukikifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu.

Pancha ni za kila siku. Miiba ya mgunga inapita tairi jipya, na mbigili zinajaa pembeni mwa lami. Ukitaka kupumzika kivulini, nyanyua baiskeli begani, usiikokote mpaka chini ya mti. Wengine huweka tyubu kuukuu ndani ya tairi kama kinga. Inasaidia, ila ncha zake zisipandane, kwani pale zinapopandana husugua tyubu mpaka itoboke. Ukitoa tyubu, kumbuka ilikaa upande gani, ili tundu likuonyeshe mwiba uko wapi kwenye tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi badala ya kidole: kitanasa kwenye ncha. Piga msasa tyubu pale penye tundu, paka solusheni (gundi ya viraka) nyembamba, subiri dakika 5 mpaka ukiigusa hainati tena, ndipo ubandike na kukandamiza. Viraka vingi vinaachia jua likipanda kwa sababu vilibandikwa solusheni ikiwa mbichi. Tembea na tyubu 2 nzima, na vile vipira vyembamba vya valvu vitatu au vinne. Vinaoza kwa joto, tairi linaisha upepo polepole, nawe unatafuta pancha ambayo haipo.

Cheni itiwe mafuta ya cherehani, tone moja kila kiungo, kisha ipanguswe. Grisi inashika vumbi na kuwa msasa. Inua kiti mpaka kisigino kikikanyaga pedeli ya chini mguu unanyooka. Viti vya dukani huwa chini mno, na magoti ndiyo yanayolipa.

Njia yenyewe: toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwe kivulini saa sita. Dodoma mpaka Manyoni ni tambarare ya Bahi na Kintinku, kisha mlima wa Saranda. Huo panda kwa mguu bila aibu, magoti yako utayahitaji kesho. Maji ya visima vya upande huo mara nyingi yana chumvi, jaza Dodoma. Manyoni hadi Singida unapita Ikungi, siku rahisi.

Ugumu uko kwenye mteremko wa Sekenke, ukitoka uwanda wa juu wa Iramba kushuka bonde la Wembere. Breki za fito, zile zinazovutwa na vyuma badala ya waya, zikibanwa mfululizo, mipira yake inachemka na kuteleza. Bana, achia, bana, achia, zote mbili kwa pamoja, na usimame mara mbili tatu rimu zipoe. Lori likiwa nyuma yako, toka kabisa nje ya barabara lipite. Chini yake ni mbuga nyeusi mpaka Igunga, kivuli hakuna: lita 5 zote ziwe zimejaa Shelui.

Nzega, Tinde, Shinyanga ni mwendo wa kutulia, gesti zipo. Sokoni tafuta michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga. Vinakaa mfukoni wiki nzima bila kuharibika, na vinakupa nguvu. Shinyanga hadi Mwanza ni kama kilomita 165, igawe mara mbili, ulale Hungumalwa au Misungwi. Kuanzia Usagara magari yanasongamana sana, kwa hiyo ingia mjini asubuhi, usijaribu jioni.