Kwa Binti Anayekwenda Kusomea Uchoraji Ughaibuni

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na binti mmoja wa Gulu ambaye amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea uchoraji kwa mwaka mmoja. Haniombi nauli wala barua ya kumtambulisha. Anauliza jambo moja tu: afanye nini huko ili mwaka usije ukaisha akabaki na picha za simu na hadithi za theluji. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mna ndoto hiyohiyo ya kuvuka mpaka na kurudi mmekomaa katika sanaa, kwa hiyo ninamjibu mbele yenu nyote, na nitamjibu kwa kirefu kwa sababu swali lake ni swali la maisha yangu.

Ninajibu pia nikiwa na furaha ambayo sioni sababu ya kuificha. Mwezi uliopita nilifungua hapa Kampala maonyesho ya picha nilizochora juu ya lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na picha zote zilikuwa za Dar es Salaam ya ujana wangu: pantoni ya Magogoni iliyojaa baiskeli na matenga ya samaki, paa za zege za soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, wanawake wa Msasani wakiokota chaza maji yakiwa yamekupwa. Karibu zote zilipata wenyewe. Watu wa nchi isiyo na pwani walisimama kimya mbele ya bahari, na mzee mmoja aliyewahi kuishi uhamishoni huko alianza kuitaja mitaa kwa majina kabla sijamweleza chochote. Siku hiyo niliingoja kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilifika Dar es Salaam nikiwa msichana mdogo. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Januari 1971, na baba yangu, mtumishi wa serikali, alikuwa miongoni mwa wale ambao hawakuweza tena kulala nyumbani kwao kwa amani. Safari yenyewe sitaisimulia, kwa kuwa wengi wamekwisha kuzisimulia safari kama hizo. Tulipanga chumba Msasani, baba akakaa muda mrefu bila kazi, na mama akaanza kukaanga maandazi na kuyauza karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walifika kununua mahitaji yao. Hapo, chini ya miti, walikaa wachoraji. Walikuwa jamaa na wanafunzi wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kabla hajatimiza hata miaka mitano katika kazi iliyolibeba jina lake duniani. Mimi sikumkuta. Niliwakuta aliowaachia brashi, na hao ndio walionilea.

Mmoja wao, Mmakua niliyemwita Babu, aliniona nikichora kwa kijiti kwenye mchanga wakati mama akihesabu chenji, akanipa kazi ya kupaka rangi ya chini. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unapewa vipande vya hadibodi vilivyokatwa futi mbili kwa mbili, unapewa kopo la rangi ya mafuta ileile inayopakwa milango na baiskeli, kisha unaamriwa uufunike ubao wote kwa rangi moja bila kuacha alama ya brashi. Kwa muda mrefu sikuruhusiwa kuchora hata mdomo wa ndege. Nilijifunza kwamba katika hewa ya chumvi na unyevu wa pwani rangi ile hukawia kukauka, kwamba mbao zikipangwa juu kwa juu kabla ya wakati hung'ang'aniana na kuchunana ngozi, kwamba ukavu hupimwa kwa mgongo wa kidole kwa sababu ncha ya kidole huacha alama, na kwamba mchana wenye upepo wa vumbi haufai kwa chochote isipokuwa kukata mbao na kuosha brashi kwa mafuta ya taa. Wakati mwingine Babu alitaka rangi mbili zififie moja ndani ya nyingine, na hilo lilibidi lifanyike zote zikiwa mbichi, kwa haraka, mkono ukienda upande mmoja tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini hata sabuni na sukari zikawa za kupangiwa foleni, rangi nazo zilikuja kwa bahati. Ukipatikana mkebe wa kijani, picha zote za juma hilo zilikuwa na rangi ya chini ya kijani, na juu yake ilibidi utafute ni twiga wa rangi gani atakayesimama vizuri, ni samaki gani atakayeonekana. Wengine waliuchukia wakati huo. Mimi ninaamini ndio ulionifanya mchoraji, kwa sababu nilizoea kuipokea rangi niliyopewa na kuijibu, badala ya kukaa nikiota ile ambayo sikuwa nayo.

Nilikuwa na tabia nyingine, na binti wa Gulu aisome mara mbili. Nilikuwa na daftari la shule ambalo nilichorea kila nilichokiona nikienda na kurudi, na pembeni ya mchoro niliandika saa, hali ya upepo, maji kujaa au kupwa, na majina ya rangi kama nilivyoyajua: samli, kaniki, kutu, pweza mbichi, pweza aliyepikwa. Madaftari hayo yalirudi nami Uganda, na ndiyo yaliyozaa maonyesho ya mwezi uliopita. Kichwa changu peke yake kisingeweza. Kichwa hupenda kuing'arisha bahari kila mwaka unaopita. Daftari linaniambia kwamba asubuhi ile ya pantoni maji yalikuwa ya kijivu na mafuta meusi yalielea ubavuni mwa gati.

Tulirudi mwaka 1986. Nilirudi na Kiswahili cha Dar mdomoni, na Kampala ya wakati ule ilikuwa imekisikia Kiswahili zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari anayedai kitambulisho, kisha saa, kisha pesa. Nilimsalimia mama muuza vitambaa kwa "shikamoo", na yeye akarudi nyuma hatua moja. Sikumlaumu. Jambo ambalo bado linaniuma ni jingine. Nilipopeleka mbao zangu kwenye jumba moja la sanaa, msimamizi hakuzigusa. Alisema hizo ni picha za watalii kutoka Tanzania, niende nikalete za kwetu. Dar nilikuwa mkimbizi wa Uganda, na nyumbani nikawa mchoraji wa Tanzania. Angeniuliza rangi ile ya chini imelazwaje, tungezungumza kama mafundi wawili. Alitazama twiga akaona anatosha kumhukumu mwenye brashi. Miaka mingi iliyofuata nilifundisha shuleni na kuchora usiku, na sina la kuieleza zaidi ya hilo.

Mlango ulifunguka upande wa Masaka, nilipokwenda kumtazama fundi wa lubugo akiwa kazini. Mutuba huchunwa gome bila kuuawa: fundi hulichana gome kwa uangalifu, kisha huufunga mti kwa majani ya mgomba ili uote ngozi mpya na kuchunwa tena baadaye. Gome hupitishwa kwenye mvuke au maji ya moto ili lilainike, halafu hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka linatanuka kuwa kitambaa. Linapowekwa juani linageuka kuwa rangi ya udongo mwekundu. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo wa Buganda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa wanadamu, lakini kwa watu wengi niliowajua lubugo ilibaki kuwa sanda ya kuzikia. Mimi nilipoitazama imetandazwa juani niliona rangi ya chini. Moja, imetanda pote, haina alama ya brashi. Kile nilichofundishwa na Babu kukilaza kwa mkono, mti wa nyumbani ulikuwa unakitoa wenyewe.

Ndiyo maana nikarudi kwenye madaftari. Katika picha zangu za sasa sehemu kubwa ya kitambaa huachwa wazi, na sehemu hiyo iliyo wazi ndiyo mchanga wa Msasani maji yakikupwa, ndiyo ukuta wa Kariakoo wakati wa magharibi. Rangi huwekwa pale tu inapohitajika. Hapo pana ufundi wake pia, kwa kuwa mafuta ya rangi yakigusa nyuzi za gome moja kwa moja huzifanya kuwa kavu na kuzivunja kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo hutanguliza wanga mwepesi wa muhogo au gundi nyembamba, nikangoja ikauke kabisa, ndipo nikapaka. Nilipofikia hapo hakuna aliyeniuliza tena kama picha ni za Tanzania au za Uganda.

Binti yangu, huko sikuwa wa kwanza kupita. Sam Ntiro alizaliwa Machame, akaja Makerere kusomea sanaa miaka ya 1940, akaendelea London, na muda wote huo mkono wake ulikuwa ukichora migomba na mashamba ya Kilimanjaro. Kwake Kampala yetu ilikuwa ugenini. Jak Katarikawe, mchoraji wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, aliishi Nairobi miaka mingi hadi kifo chake mwaka 2018, na ng'ombe wa kwao hawakumtoka. Francis Nnaggenda alisomea Ulaya, Ujerumani ikiwemo, kisha akarudi kufundisha Makerere, na ile sanamu yake ya mti ya mhanga wa vita iliyoko maktaba ya chuo inatosha kuonyesha kwamba aliyekwenda mbali anaweza kurudi akazungumza na majeraha ya nyumbani. Kabla hujaondoka, nenda ukaitazame.

Basi nikushauri. Ukifika, usiishie darasani. Mtafute mtu anayekula kwa kazi ya mikono yake, awe mchapaji wa picha, mtengeneza fremu au mpaka rangi wa mabango, umwombe kazi ya chini kabisa aliyonayo, na uifanye bila kununa. Mkono wako ukisha kujifunza, hakuna afisa wa mpakani atakayeunyang'anya. Chora kila siku, na uandike rangi kwa maneno ya Kiacholi, Kiswahili au lugha yoyote inayokuja kwanza, kwa maana simu itakuhifadhia sura ya kitu lakini haitakuhifadhia jinsi ulivyokitazama. Usirudi na milima yao. Rudi na utaratibu wao wa kazi, wanaanza na nini, wanangoja nini, wanakataa nini. Na watakapokuambia, huko au huku, kwamba wewe si wa hapa, usiharakishe kubadili picha zako ili uwaridhishe. Vijana wetu wengi wanakwenda wakiwa na kiu ya kuonekana kuliko kiu ya kujifunza, wanarudi na lafudhi mpya na mikono ileile. Ninasema hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona, wenye vipaji kuliko mimi, wakizima ndani ya miaka michache.

Kabla ya safari pitia Kampala, nikupe kipande cha lubugo. Usikikunje, kwa sababu penye mkunjo nyuzi hukatika. Kiviringishe juu ya bomba la karatasi na ukifunge kwa kitambaa kikavu. Wanga utaupata huko hata kama si wa muhogo, upake mwepesi mara mbili kabla ya rangi yoyote ya mafuta. Mwaka ukiisha, njoo na daftari kwanza. Picha ulizochora tutazitazama baadaye.