Mteja anataka 3D ya mashine yangu nzima, nimpe?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi natengeneza mashine za kukamua alizeti hapa Kizota Dodoma, michoro nafanyia kwenye Inventor, programu ya kuchorea 3D kwenye kompyuta. Sasa kuna mteja yuko Singida, hata advansi hajatoa, anataka nimtumie faili la asembli yote, yaani mashine na vipande vyake vyote, eti fundi wake wa jengo ajue msingi utakaaje. Ile skrubu nimeihangaikia miaka miwili mpaka mashudu yakaanza kutoka makavu, nikimtumia si ataenda kuchongesha kwingine? Na nikikataa naona kama namkosa. Fundi, Kizota.

JIBU: Fundi pole, ila mteja hajaomba maajabu. Fundi wa jengo kweli anahitaji kujua mashine inachukua nafasi kiasi gani, matundu ya bolti za msingi yako wapi, uzito, mota imekaa upande upi, mafuta yanatokea wapi na mashudu yanadondokea wapi, pia nafasi ya kuchomolea skrubu siku ikiisha (hii inasahaulika sana, baadaye mnaanza kutoboa ukuta). Skrubu ina meno yenye kina gani au mianya ya kupitisha mafuta ina upana gani, hayo hayamhusu kabisa.

Sasa usidanganyike na STEP, lile faili la 3D linalofunguka kwenye programu yoyote ya kuchora. Wengi wanadhani ukigeuza faili kuwa STEP basi umeshajilinda, wapi! Inachoondoa ni historia ya ulivyochora, zile skechi na fomula zako, lakini umbo linabaki na vipimo vyake kamili, na skrubu imo humo humo ndani, mtu anazima ganda la nje kwa kliki moja anaipima. Na ukimpa faili lenyewe la Inventor huku skrubu umeificha, ataiwasha tu, kuficha sio kufuta.

Tumia Shrinkwrap au Simplify, komandi zimo humo humo kwenye Inventor, wanaochorea SolidWorks wao wana Defeature. Inachukua asembli inakutolea kipande kimoja cha nje tu, vya ndani unavitoa na matundu yasiyo na kazi unayaziba, ila ya bolti yaache jamani. Kata linki na asembli mama ndo utoe STEP. Alafu ifungue mwenyewe kwenye FreeCAD, ile ya bure, ikate katikati uone kama kuna kitu kimebaki tumboni. Uzito andika kwa mkono, maana ukishaziba uwazi wa ndani programu inakupa kilo za uongo na msingi utajengwa kwa hizo hizo.

Kama kwenye skrubu kuna jambo jipya kweli, waone BRELA, wakala wa serikali wa usajili, kuhusu hataza (haki ya kulinda uvumbuzi wako) kabla hujaanza kuisambaza, kitu kikishajulikana hadharani hataza inakuwa ngumu. Maana tusidanganyane, mashine ikifika Singida jamaa ana spana, ataifungua. Kuficha mchoro kunakulinda kipindi hiki ambacho hajalipa.

Kwa hiyo leo mtumie PDF ya juu na ya ubavuni yenye vipimo vya nje, hiyo inatosha kuchimbia msingi, ganda la 3D lisubiri advansi isome. Na majina ya vipande uyaangalie, mi nishatumiwa faili la mtu limefichwa vizuri kabisa, ila kipande kimoja kimeandikwa aina ya chuma, na duka alilonunulia.