Usiache dawa ya kolesteroli bila karatasi ya maabara: yaliyonikuta Kitonga

Mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili na moyo umenienda mbio. LDL yako, yaani ile kolesteroli mbaya inayoziba mishipa, ni 4.9 (millimoli kwa lita), namba ya juu. Daktari kakupa atorvastatin miligramu 20, umemeza miezi minne, miguu ikaanza kuuma, jirani akakuletea makopo matatu ya vidonge vya asili, na sasa ni wiki ya pili hujagusa dawa. Halafu unatuuliza uanze na kopo lipi, la kitunguu saumu au la mchele mwekundu, na kama mayai na tui la nazi vinaruhusiwa.

Weka makopo pembeni. Kesho asubuhi mtafute daktari aliyekuandikia, mwambie umeacha na kwa nini umeacha. Usisubiri makopo yaishe ndiyo uone. Mimi nilisubiri yaishe.

Nilikuwa dereva wa semi, Dar–Tunduma, miaka 19. Januari 2022 tajiri alitupeleka madereva wote kupima afya, LDL yangu ikasoma 5.1. Sikuwa na kitambi, sikuwa naumwa popote. Baba yangu alidondoka shambani akiwa na miaka 52 na tukasema karogwa. Daktari aliposikia habari ya baba akaweka kalamu chini, akanieleza kwamba kuna koo ambazo mafuta haya yanarithiwa, mtu awe mnene au mwembamba. Akaniandikia atorvastatin 20. Aprili nikarudi kupima: 2.9. Ile karatasi ninayo hadi leo, imekunjwa ndani ya bahasha ya bima ya gari. Mambo yalikuwa yamenyooka, na mimi mwenyewe nikayapinda.

Mapaja yalianza kuuma mwezi wa tano. Mtu anakaa kwenye usukani saa 14, analala kwenye kitanda cha gari, anakula chipsi saa sita za usiku pale Makambako, lakini maumivu yakaangukia kidonge. Na hayakuangukia kidonge yenyewe. Yaliangushwa na dada mmoja wa mtaani kwetu, wakala wa virutubisho. Alikuja nyumbani na koti jeupe kama la nesi, akamwambia mke wangu, "Shemeji anakunywa sumu. Hizo dawa za hospitali zinakula ini, ukianza huachi mpaka kaburini." Akaacha kipeperushi chenye picha ya mshipa uliojaa uchafu wa njano na mwingine msafi. Mimi nikiwa safarini zikaanza kuingia sauti za WhatsApp za watu wanaotoa ushuhuda. Juni nikaacha. Nikatoa shilingi 340,000 kwa pakiti ya mwezi wa kwanza, wakati atorvastatin pale duka la dawa haikuwa inafika hata 20,000 kwa mwezi.

Kuacha dawa lilikuwa kosa, lakini kosa lililonigharimu zaidi lilikuja Oktoba.

Oktoba nilimwambia yule dada nataka kurudi hospitali nikapime damu nione tumefika wapi. Akasema hakuna haja ya kutobolewa, ofisini kwao wana mashine. Nikaenda. Chumba kimoja juu ya duka la simu, viti vya plastiki, watu kama kumi tunasubiri. Nikapewa kichuma cha kushika, kirefu kama kalamu nene, kimeunganishwa na waya kwenye kompyuta ndogo. "Kaza mkono, usiongee." Dakika moja. Printa ikatoa karatasi nyingi: ini, figo, mifupa, macho, uzazi, hadi kitu walichokiita sumu za mwilini. Kwenye mstari wa mafuta ya damu kulikuwa na mshale mdogo wa kijani. Pembeni limeandikwa neno "Sawa". Nilitoka pale nikatembea hadi stendi kama mtu aliyefutiwa deni.

Wakuu, hakuna tone la damu lililotoka kwenye mkono wangu. Hakuna kichuma duniani kinachoshikwa kiganjani kikajua una kolesteroli kiasi gani. LDL inajulikana kwa kupima damu yenyewe, basi. Na wanaoziendesha zile mashine wanauza makopo chumba hicho hicho! Hili linaniuma kuliko zile hela. Yule dada alijua baba yangu alikufaje. Nilimweleza mwenyewe, nyumbani kwangu, akinywa chai yangu. Akanitazama usoni akasema niko salama, kwa sababu mwezi ule alikuwa anakimbilia kupanda daraja kwenye biashara yao. Ningechukua kipimo cha maabara ile Oktoba ningekuta namba imerudi juu, ningerudi kwenye dawa, na leo ningekuwa barabarani.

Februari 2023 tulikuwa tunapandisha mzigo wa Zambia. Ruaha Mbuyuni tulisimama, utingo akanunua vitunguu, mimi nikapanda kukaza kamba za turubai. Nilipovuta kamba ya pili kifua kikabana, kama mtu amekanyaga hapa katikati na kisigino. Nikashuka. Nikasema ni gesi. Nikaagiza chai ya tangawizi, nikakaa nusu saa, nikameza na vidonge viwili vya kitunguu saumu kutoka kwenye kopo. Ikapungua kidogo, nikawasha gari.

Waliopita mlima wa Kitonga, ule wa kabla ya kufika Iringa, wanajua. Ukishaanza kona zile na semi lenye mzigo huna pa kusimama: upande mmoja mwamba, mwingine korongo, nyuma yako foleni. Katikati ya mlima mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likaanza kunitoka, la baridi, shati limeshikana na kiti. Utingo akaniangalia akasema, "Mzee, mbona midomo imebadilika rangi?" Sikumjibu, nilikuwa nahesabu kona. Namba moja, namba mbili, usizime, usizime. Tulipomaliza kona za juu nikasogeza gari pembeni, nikavuta breki ya mkono, na baada ya hapo nakumbuka vipande tu. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu alinibeba kwenye gari dogo hadi Iringa. Toka kamba ya turubai hadi kitanda cha hospitali zilipita saa tatu. Misuli ya moyo iliyokufa ndani ya hizo saa tatu haijarudi.

Iringa wakanipima umeme wa moyo, nikatafunishwa aspirini, sindano, oksijeni. Usiku daktari, binti mdogo wa kumzaa mwenyewe, akauliza natumia dawa gani. Utingo akaleta mfuko kutoka garini. Akatoa makopo, akayapanga kwenye meza ya kitanda moja moja, akawa anayageuza kutafuta kila kidonge kina miligramu ngapi za nini. Mawili hayakuwa na maelezo hayo. Akauliza, "Baba, mara ya mwisho kupima damu ni lini?" Nikampa karatasi za mashine. Akageuza ya kwanza, akageuza ya pili, anatafuta jina la maabara. Kisha akazikunja taratibu, akanirudishia, akanichota damu mwenyewe. LDL 5.4. Juu kuliko siku niliyoanza.

Baadaye nikapelekwa Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo na kuniwekea stenti mbili, vile vijibomba vya kuushikilia mshipa ubaki wazi. Hapo ndipo nilipoelezwa mambo ambayo ningependa uyajue kabla hujafungua hilo kopo.

Kolesteroli nyingi ya mwilini haitoki kwenye sahani, inatengenezwa na mwili wako mwenyewe, na ini ni kiwanda kikubwa. Dawa za kundi la statini, atorvastatin ikiwemo, zinakibana kimeng'enya ambacho ini linakitumia kuitengeneza. Ini likipungukiwa, linaanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu, ndiyo maana namba inashuka. Ukiacha kidonge ini linarudi kazini kama zamani, na ndani ya wiki chache namba imepanda. Huhisi chochote. Haiumi, haiwashi, haikuamshi usiku. Kwa hiyo mtu anayekwambia "sikiliza mwili wako" kwenye jambo hili anakupoteza, mwili hauna la kukuambia mpaka siku ya Kitonga.

Na hili neno "asili" linalotumika kututisha! Statini za kwanza zenyewe zilitoka kwenye ukungu. Mjapani Akira Endo ndiye aliyeipata ya kwanza miaka ya 1970, kutoka kwenye ukungu wa jamii ya penisilini, baada ya kupekua maelfu ya aina za kuvu. Lovastatin, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987, nayo inatoka kwenye ukungu mwingine. Na huo mchele mwekundu unaoulizia, unachachushwa kwa kuvu, na kitu kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa monakolini K. Kemikali hiyo ndiyo lovastatin yenyewe, haina tofauti. Maana yake ukipata kopo linaloshusha, unakunywa statini ile ile unayoikimbia, ila hujui ni kiasi gani. Kopo moja linaweza kuwa nayo nyingi, lingine halina kabisa. Na huko Japani, mwaka 2024, vidonge vya mchele huo viliondolewa madukani baada ya watu kuharibikiwa figo.

Sasa hivyo vingine. Novemba 2022, mimi nikiwa nashangilia mshale wa kijani, huko Marekani walikuwa wanatangaza majibu ya utafiti unaoitwa SPORT. Walichukua watu karibu 200, wakawagawa: wengine rosuvastatin (statini nyingine) miligramu 5, ambayo ni dozi ndogo, wengine kidonge kisicho na dawa, na waliobaki mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli za mimea (vitu vya kwenye mimea vinavyofanana na kolesteroli) au mchele mwekundu. Siku 28. Waliokunywa rosuvastatin LDL ilishuka kwa takriban asilimia 38. Katika vile sita hakuna hata kimoja kilichokishinda kidonge kisicho na dawa kwa kiwango cha kuhesabika. Wa kitunguu saumu LDL yao ilipanda. Kitunguu saumu nakipenda, kiache kwenye mchuzi, hapo hakina mpinzani.

Miguu yako. Sikatai kwamba inauma, na mimi yangu iliuma. Lakini kuna utafiti wa Uingereza, SAMSON, wa mwaka 2020: walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa zamu mwezi wa dawa, mwezi wa kidonge kisicho na kitu, mwezi bila kidonge. Takriban asilimia 90 ya madhara waliyoyapata kwenye dawa waliyapata pia kwenye kidonge kisicho na kitu. Maumivu ni ya kweli, ila mara nyingi chanzo si kile unachokinyooshea kidole. Kama kweli ni dawa, daktari ana pa kwenda: atapunguza dozi, atabadilisha statini, au ataongeza ezetimibe, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli isiyo statini. Mimi sikumpa nafasi hiyo, sikumpigia hata simu. Ila mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia au misuli ikauma mpaka huwezi kunyanyuka kitini, hiyo si ya kusubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Najua kuna mkuu atashuka hapa chini kusema nimetumwa na makampuni ya dawa. Hata kalamu yao sijawahi kupewa, karibu nyumbani upekue. Na wengine mtasema bibi yenu alikunywa mlonge akafika miaka 95. Mungu amzidishie. Karatasi yake ya LDL iko wapi? Ndiyo ninachokiuliza siku hizi kwa kila mtu, hadi mke wangu amechoka. Unataka kuacha? Karatasi. Unataka kubadilisha? Karatasi, ya siku ya kuanza na nyingine kati ya wiki ya 4 na ya 12, iliyotoka maabara, na aliyekuandikia dawa aione. Kopo likigoma kupimwa, kopo hilo halina kazi kwako.

Mimi sasa niko kwenye atorvastatin 80 na ezetimibe, LDL ni 1.8, na daktari bado anataka ishuke chini ya 1.4 kwa sababu moyo umeshaumia. Semi lilipewa kijana mwingine. Nasimamia stoo ya vipuri pale pale kwa tajiri, naona magari yakitoka alfajiri. Wanangu wawili nimewapima, wa kiume ana miaka 23 na LDL yake ni 4.7. Ameanza dawa. Kila Jumapili namuuliza kama amemeza, ananijibu, "Mzee, nimemeza, na karatasi iko mezani."

Wewe una watoto? Hujasema. Wapeleke nao, hasa kama kwenu kuna aliyedondoka ghafla akiwa kijana. Na ukitoka maabara kesho iandike namba hapa hapa, hata kama ni mbaya. Nitakuwa naangalia uzi.